Wasio na makaazi Unguja Mjini: nyumba ya pamoja au chumba cha kodi?

Kila zinapotajwa fedha za mji kwa wanaolala vibarazani Darajani, ubishi ni uleule: ijengwe nyumba moja yenye muuguzi, au walipiwe vyumba mitaani na muuguzi awafuate?

Kwa gharama, chumba ni chepesi kuanza, ingawa wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Nyumba ya pamoja hula fedha kabla hajaingia mtu, kisha kuna paa, choo na mlinzi.

Uzito uko kwenye matibabu. Anayetibiwa kwa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, kwa kawaida hunywa dozi yake kliniki kila siku, na hospitali ya Kidongo Chekundu inaitoa tangu 2015. Ukimpangishia Fuoni, mbali na kliniki, bila nauli, umemkatisha dawa. Hapo nyumba ya pamoja iliyo karibu inashinda, wala sioni ubishi. Lakini Ufini, iliyotanguliza chumba tangu 2008, ilipunguza sana wasio na makaazi, maana mpangaji hakuachwa bila mtu wa kumsaidia.

Mzee asiyejiweza na asiye na jamaa, nyumba ya pamoja, kama ile ya wazee Sebleni. Mama mwenye watoto wa skuli, apewe chumba, na sheha, kiongozi wa mtaa, aujue mlango wake.