Kitambaa cha kukinga jalidi: uzoefu wangu na mimea ya vyunguni Molo

Kama unalea mimea ya kudumu vyunguni huku Molo, nyanda za juu za Kenya, kile kitambaa cheupe cha kukinga jalidi, yaani umande unaoganda, kinunue. Nimekitumia kwa jerani, salvia, agapantasi na miche ya lavenda, na sitaki tena kuingia Januari bila hicho.

Nataja Januari makusudi. Wengi huku huogopa Julai kwa sababu ndiyo inayotuvisha makoti, lakini baridi ya Julai ni ya mvua na ukungu, na mawingu huzuia joto la ardhi lisipotee. Jalidi huja wakati wa kiangazi, kati ya Desemba na Februari. Usiku hakuna wingu wala upepo, joto lote la ardhi linapaa, na alfajiri unakuta nyasi zimekuwa nyeupe. Tuko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hushuka kwa digrii 6 hivi. Ndiyo maana ua linalostawi Nakuru mjini bila shida linaweza kuungua huku.

Kitambaa chenyewe hakikufumwa. Ni nyuzi laini za plastiki zilizogandamizwa pamoja, aina ileile inayotumika kutengenezea barakoa za hospitali. Kinapitisha hewa, maji na mwanga. Nilikipata kwa mita katika duka la pembejeo Nakuru mjini. Hapa nina lalamiko: muuzaji hakuniambia kwamba vitambaa hivi hutofautiana kwa uzito, wala kwamba vingine havina kinga ya jua, yaani ya kuzuia jua lisikioze kitambaa chenyewe. Kipande cha kwanza kilianza kumomonyoka mikononi kabla msimu haujaisha, vipande vyeupe vikabaki vimenasa kwenye miiba ya waridi. Kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Chepesi, cha gramu 17 kwa mita mraba, huongeza digrii moja au mbili hivi. Cha gramu 30 na kuendelea hukinga zaidi, ila mwanga hupungua. Mimi sasa natumia kizito, kwa kuwa kila asubuhi nakitoa.

Shangazi yangu wa Elburgon alipokiona aliniambia, "Mwanangu, pareto hatukuwahi kuivisha nguo." Ni kweli, na pareto nayo ni mmea wa kudumu, tena inahitaji baridi ndipo ifanye vichwa vya maua. Lakini pareto iko shambani, mizizi yake ina ardhi yote ya kuikinga. Mmea wa chunguni umezungukwa na baridi pande zote, na udongo wa ndoo ya rangi ya lita 20 hupoa upesi kuliko wa shamba. Mizizi nayo haivumilii baridi kama majani yanavyovumilia. Kwa hiyo kufunika majani pekee hakutoshi. Mimi hukusanya vyungu vyote pamoja ukutani, upande unaopigwa na jua la jioni, vile vidogo katikati.

Namna ya kufunika ndiyo inayoamua kama pesa yako imekwenda bure. Kitambaa hakina joto lake. Kinazuia tu lile linalotoka ardhini. Ukikizungushia matawi na kukifunga shinani, umefungia joto nje. Kiache kiteremke hadi chini, ukibane kwa mawe. Simamisha fito chache ili kisilalie majani, maana panapogusa, baridi hupenya. Na mwagilia alasiri, kwa kuwa udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko mkavu. Kuna asubuhi nilikuta jani moja la jerani limechomoza nje ya pindo: nusu ya nje ilikuwa nyeusi na laini kama mboga iliyochemshwa, nusu ya ndani kijani kabisa, mpaka wake umenyooka palepale pindo lilipopita. Tangu siku hiyo sibishani na mtu kuhusu kitambaa hiki.

Maelezo mengi utakayokuta kuhusu mimea ya vyunguni na baridi yameandikwa na watu wa Kanada na kaskazini mwa Marekani. Kwao mmea hulala miezi kadhaa, unawekwa gereji isiyo na moto, unamwagiliwa kidogo tu hadi theluji iyeyuke. Huku hakuna kulala. Usiku ni baridi kali, saa sita mchana jua linachoma, na mmea unaendelea kukua. Ukiacha kitambaa kizito mchana kutwa, miche inarefuka na kunyong'onyea. Jua likishapanda na weupe ukayeyuka, ondoa.

Kuna mambo ambayo hakisaidii. Lavenda iliyokomaa, ile ya Kiingereza, huvumilia jalidi yenyewe. Kinachoiua ni maji ya Julai kutuama chunguni. Dawa yake ni mashimo ya kutosha, mchanga mwingi kwenye udongo, na chungu kuinuliwa juu ya matofali chini ya upenu. Wala usitarajie kitambaa kiamshe mbegu zake. Hizo mimi huziweka kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji kama mwezi mmoja, kisha nazipanda juujuu bila kuzifukia sana, kwa kuwa mwanga huzisaidia kuota. Zikishaingia kwenye trei, hapo kitambaa chepesi kinafaa sana: udongo haukauki upesi na ndege hawachakuri.

Bei si ya kutupa, lakini ukilinganisha na kununua jerani upya kila Machi, kinajilipa. Walio Molo, Turi, Elburgon na Mau Summit, chukueni kizito chenye kinga ya jua, kipana kuliko mnavyodhani, maana pande zote lazima zifike chini. Walio Nakuru mjini wanaweza kujisaidia na chepesi juu ya trei za miche. Kisumu, mita 1,131 tu, hamna jalidi ya kukinga; pesa hiyo nunueni wavu wa kivuli.