Resident Evil 2: ya 1998 au ya 2019?

Kwenye kibanda chetu cha gemu pale Mwanga, Kigoma, umeme ukikatika ubishi ni uleule: Resident Evil 2, ile gemu ya kutisha ya mazombi, ipi ina kasoro zaidi, ya 1998 au iliyotengenezwa upya 2019? Wote tunaipenda, ndiyo maana tunaisema.

Ya zamani inachosha vidole. Kamera imeganda pembeni, mhusika anageuka kama lori kwenye uchochoro, na zombi unamsikia akiburuta miguu kabla hujamwona. Kaka mmoja hapa anasema hiyo ndiyo hofu yenyewe. Mimi naona nusu ni hofu, nusu usumbufu. Kuhifadhi mchezo nako kunakula utepe wa wino, kitu adimu unachookota humo ndani ya gemu. Ukiisha, shauri yako.

Ya 2019 imetibu hayo. Kamera iko nyuma ya bega, utepe umebaki kwenye kiwango kigumu tu, na Mr. X, lile jitu lisilouawa kwa risasi, anakusaka kituo kizima cha polisi, vishindo vyake vinakausha mate. Nikishika pedi nachagua hii. Lakini ina dhambi moja siisamehe: mwaka 1998 safari za Leon na Claire, wahusika wawili unaowachezea, zilishikana. Wa kwanza akichukua bunduki kabatini, wa pili anakuta patupu. Kwenye mpya, wote wawili wanafumbua karibu mafumbo yaleyale na kupigana na William Birkin yuleyule, mwanasayansi aliyegeuka dubwana, kana kwamba mwenzake hakupita.

Na buibui wakubwa wameondolewa. Mdogo wangu alishangilia, mimi nilinuna.