Canon EF 50mm f/1.8 STM: lenzi ndogo kwenye hema la kwanjula, sherehe ya utambulisho ya Waganda

Kwa mpiga picha wa Kampala au Mbarara ambaye bado anatumia lenzi ya 18-55mm iliyokuja na kamera, hii ndiyo ya pili kununua. Canon waliitoa mwaka 2015 ikachukua nafasi ya ile ya 1990, na tofauti inashikika mkononi: sehemu inayofunga kwenye kamera ni ya chuma, si plastiki, na inasogelea kitu hadi sentimita 35 badala ya 45. Uzito wake ni gramu 160 hivi. Ukiuziwa ya mtumba, igeuze nyuma kwanza uone hicho chuma, usije ukauziwa toleo la zamani kwa bei ya jipya.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuiacha kwenye f/1.8, tundu lake kubwa kabisa la mwanga, siku nzima kwa sababu tu inawezekana. Ukiwa na kamera ya sensa ndogo, mita 1.5 kutoka kwa bibi harusi, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita 6: jicho moja safi, na pindo la gomesi (vazi refu la kike la Uganda) begani limeyeyuka. Lile bega lililochongoka ndilo linaloifanya gomesi kuwa gomesi. Funga hadi f/2.8 upate karibu sentimita 10, na picha nzima inakaza. Ya 1.8 iwekee usiku.

Nafasi nayo ina hesabu yake. Umbali wa mita 3, fremu ya kulala inachukua upana wa mita 1.3 tu. Mstari wa ndugu wenye upana wa mita 5 unakudai urudi nyuma zaidi ya mita 11, na kwenye ua mdogo utagonga ukuta mapema. Kwa picha za ukoo, rudisha ile 18-55mm bila kuona haya. Hii ni lenzi ya mtu mmoja au wawili: uso wa ssenga (shangazi wa bibi harusi) anapopita katikati ya wanaume akimtafuta bwana harusi, mikono inayopokea kikapu. Kwa kuwa haivuti (haina zoom), inakulazimisha uamue utakachoacha nje, na hapo ndipo macho ya mpiga picha yanapokomaa.

Kanzu nyeupe hudanganya kipimo cha mwanga. Zikijaa kwenye fremu, kamera inapunguza mwanga na nyuso nyeusi zinazama. Ongeza theluthi mbili za hatua, kisha hakikisha kitambaa hakijaungua kikawa weupe mtupu. Hema la bluu au jekundu nalo hupaka ngozi rangi yake. Piga kadi ya kijivu ya kupimia rangi humo humo ndani, maana kanzu nyingi zina umanjano na hazifai kupimia weupe. Lenzi haina kidhibiti cha mtikisiko, hivyo kasi ya shata isishuke chini ya 1/125 ya sekunde, na wachezaji wakianza panda 1/500.

Udhaifu wake halisi uko mdomoni. Mdomo husogea mbele ukitafuta fokasi, na ukigongwa ukiwa nje, mota inaweza kukwama. Pete ya fokasi haifanyi kazi kamera ikiwa imezimwa, kwa hiyo urudishe ndani kabla ya kuzima, na ununue kofia ya ES-68 ya kukinga mdomo, inayouzwa kando. Karibu na ziwa, Entebbe kwa mfano, ihifadhi kwenye kopo lenye vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu. Kuvu ikishika kioo, kusafisha kunagharimu.

Kabla ya kuweka kazi mtandaoni, toa nakala ya sRGB (mfumo wa rangi wa skrini za kawaida), piseli 1080 kwa 1350, na ukali uongeze baada ya kupunguza ukubwa, si kabla. Ukiiacha kwenye Adobe RGB, mfumo wa rangi pana zaidi, gomesi ya zambarau inaweza kupauka kwenye simu za watu. Wateja wengi wataiona kwanza WhatsApp, ambayo huibana picha, basi mwenye shughuli mtumie faili kamili kama dokumenti. Akipeleka ile iliyobanwa kuchapwa A3 Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, itatoka na vijisanduku usoni.