Makasha ya CD za jazi ya zamani na swingi: kabla ya kulipa, pima mwendo

Wanaokusanya jazi ya miaka ya 1920 hadi 1940 wana lalamiko linalorudi kila mara. Mtu ana makasha mawili ya CD, wimbo ni uleule, siku ya kurekodiwa ni ileile, lakini kwenye kasha moja tarumbeta imepanda na ngoma zinakimbia, na kwenye jingine bendi nzima imetulia. Wengi hudhani ni tofauti ya usafishaji wa sauti. Mara nyingi ni mwendo wa sahani, na hilo ndilo jambo ambalo miongozo mingi ya ununuzi hailigusi. Inahesabu CD, inasifu picha, basi.

Sahani hizi huitwa za mizunguko 78 kwa dakika, lakini 78 ilikuwa jina zaidi kuliko kipimo. Kurekodi kwa umeme kulianza mwaka 1925. Kabla ya hapo, na hata kwa muda baada yake, mashine nyingi za kukata sahani ya nta ya kurekodia zilizungushwa na uzito unaoshuka, kama saa ya ukutani ya zamani. Sahani moja ilikatwa kwa 76, nyingine kwa 80. Fundi wa leo akiipiga kwa 78 bila kupima, kosa linahamia kwenye CD. Kosa la asilimia 6 ni nusu toni nzima. Asilimia 3 tu inatosha kuutupa wimbo katikati ya funguo mbili, mahali ambapo hakuna piano iliyotiwa sauti vizuri inayoweza kupigwa. Saksafoni ya tena inaanza kusikika kama alto, na mtetemo wa sauti ya mwimbaji unakuwa wa haraka kuliko alivyoimba.

Kupima ni rahisi. Pakua programu ya kutia sauti gitaa kwenye simu, tafuta mahali piano inapopiga peke yake, usome sindano. Studio za wakati ule hazikutia piano sauti kwa A ya hertzi 440 kamili siku zote, kwa hiyo senti 10 au 15 pembeni (senti 100 ni nusu toni moja) zisikusumbue. Zikifika 40 au 50, shuku. Kisha angalia ufunguo wenyewe. Tarumbeta, klarineti na saksafoni ya tena ni ala za B flati, ndiyo maana nyimbo nyingi za bendi hizi zinakaa kwenye F, B flati, E flati au A flati. Wimbo ukiangukia E au B kavu, uliza maswali. Njia ya tatu ni saa: pima kutoka noti ya kwanza hadi ya mwisho, usifuate muda ulioandikwa kwenye jalada kwa sababu kimya cha mwishoni hutofautiana. Wimbo wa dakika 3 uliokimbizwa kwa asilimia 3 unaisha kama sekunde 5 mapema.

Usidhani ni kosa la kampuni ndogo tu. Kind of Blue ya Miles Davis, ya mwaka 1959, nyimbo zake tatu za upande wa kwanza zilitoka zikiwa juu kidogo kwa sababu mashine kuu ya kurekodia ilizunguka polepole kwenye kikao kile. Ziliuzwa hivyo hadi toleo la 1992 liliporekebisha.

Sasa orodha. Ya kwanza, na upendeleo wangu siufichi, ni Mosaic Records ya Stamford, Connecticut, iliyoanzishwa na Michael Cuscuna na Charlie Lourie. Wanalipia leseni kwa wenye rekodi, wanatafuta chanzo bora kilichobaki, wanarekebisha mwendo, na kijitabu kinataja kila kikao: tarehe, mji, wapigaji, namba ya matriki (namba ya kila rekodi ya kampuni) na teki (jaribio gani la kurekodi wimbo). Anza na mpiga saksafoni Lester Young na bendi ya Count Basie wa 1936–1940, CD 4. Ukiupenda muziki wa Duke Ellington, CD 11 za 1932–1940 ndizo za kuwekea akiba. Tahadhari moja kuhusu lile la Lester Young: ni la kampuni za Columbia, OKeh na Vocalion pekee. Rekodi za Basie za kampuni ya Decca, pamoja na One O'Clock Jump ya 1937, hazimo. Hizo zimo kwenye CD 3 za Decca zilizotolewa na kampuni ya GRP mwaka 1992. Neno “kamili” kwenye jalada lolote maana yake ni kamili kwa kampuni ile, si kwa mwanamuziki.

Ya pili ni kampuni ya JSP ya Uingereza, lakini pale tu ambapo jina la John R.T. Davies limeandikwa kama fundi. Kasha lake la CD 4 za Hot Fives na Hot Sevens, bendi za Louis Armstrong, na lile la CD 5 za Jelly Roll Morton, yana sauti yenye hewa. Hakufuta mvumo wa sahani hadi matoazi yakafa nao. Davies alifariki mwaka 2004 na makasha ya baadaye ni ya mafundi wengine, kwa hiyo soma mgongo wa kasha kwanza.

King Oliver wa 1923 si kasha kubwa, ni CD 2 tu za kampuni ya Off the Record zenye nyimbo 37, lakini kwa mwendo uliopimwa kwa uangalifu ninaziweka juu ya makasha makubwa mengi. Kwa Ellington wa 1940–1942, mwenye Jimmie Blanton kwenye besi na Ben Webster kwenye tena, chukua CD 3 za toleo la 2003, si lile la 1986.

Ya bei rahisi: makasha ya kampuni ya Proper, CD 4 na kijitabu kinachosomeka. Makasha ya CD 10 yasiyo na maelezo yoyote yaache.

Sababu ni ya kisheria. Ulaya, rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 ziko huru, hivyo yeyote anaweza kutengeneza kasha. Wengi hawagusi sahani hata moja. Wanakopi CD ya mtu mwingine, na mwendo mbovu unarithiwa kama ulivyo. Kazi ya miezi ya fundi inauzwa bila jina lake, na mnunuzi analipia wimbo uleule mara nne.

Wauzaji wa mitumba nao wanachosha. Kasha la Mosaic likishaisha kiwandani, bei inaruka, na picha ya tangazo mara nyingi imechukuliwa kwingine. Ukiagiza kutoka Marekani, kumbuka VAT, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, inakokotolewa juu ya bei pamoja na nauli, na makasha haya ni mapana kama jalada la santuri. Kabla ya kutuma pesa, omba picha nne: namba ya nakala kwenye kasha, kijitabu kikiwa wazi, CD zote zimepangwa mezani, na upande wa chini wa kila CD. Upande huo ukiwa na rangi ya zambarau au kijani badala ya fedha, CD hiyo huenda imechomwa kwenye kompyuta.