Brashi za kisutu, ukungu wa pinki, na muuzaji aliyelilaumu joto la Mombasa

Nianze na lililo jema kabla hasira hazijanipanda: aliyechora brashi hizi za kompyuta, maumbo ya kanga ya kisutu unayoyagonga kwenye programu ya kuchorea, anaijua kanga. Ua la korosho lina tumbo lake na mkia wake, vidoti vimepangika, na ule mchoro wa pindo unaungana mwisho kwa mwanzo usione kiungo. Nimeshanunua mtandaoni brashi zilizoandikwa ni za Kiafrika, nikafungua faili nikakutana na twiga na mbuyu. Hizi ziliponifikia nilipiga kigelegele peke yangu mbele ya kompyuta. Laiti ningeandika maoni siku ile, angepata nyota tano na dua juu.

Kwa asiyeijua kazi hii: natengeneza vitu vya karatasi vya sherehe. Kadi za mwaliko, visanduku vya halua na kashata vya kugawia wageni usiku wa kupamba bi harusi, bahasha za watoto Idi ikikaribia. Nachora kwenye kompyuta, napeleka kuchapwa kwenye manila, kisha kukata, kukunja na kutia gundi ni nyumbani, mimi na binti zangu sakafuni. Natumia GIMP, programu ya kuchorea, kwa sababu ni ya bure na kompyuta yangu ni ya zamani. Brashi zenyewe ziliuzwa kama faili za Photoshop, za .abr, na GIMP inazisoma. Haichukui yale madoido ya kutawanya na kuzungusha yaliyofungwa ndani, lakini maumbo inayachukua, na maumbo ndiyo niliyoyalipia.

Kazi yenyewe ilikuwa kupamba ya mtoto wa dada yangu, Majengo. Dada alitaka visanduku vya kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi. "Usiniletee dhahabu," aliniambia. "Siku hizi kila mtu dhahabu." Nikampangia kifuniko kwa utaratibu wa kanga yenyewe, pindo pande zote nne, mji katikati, na pale panapokaa jina nikaweka jina la bi harusi. Brashi ya pindo nikaipa nafasi ya mia kwa mia, ili kila pigo likae ubavuni mwa mwenzake wasipandane. Unabofya pembe moja, unashika Shift, unabofya pembe ya pili, na ukingo mzima unajichora. Ukifika pembeni unaigeuza brashi digrii 90 unaendelea kushuka. Kazi ya asubuhi nzima ilikwisha kabla chai haijapoa. Na brashi ni kubwa, si zile ndogo zilizochorwa kwa ajili ya skrini ambazo ukizitanua kwa chapa zinatoka na kingo zenye ukungu. Nilitandaza ua moja upana wa karatasi ya A4, kwa pikseli 300 kwa inchi, na kingo zikabaki kali. Hilo simnyimi.

Kwenye skrini ilikuwa safi. Nyeupe ni nyeupe, nyekundu ni nyekundu. Nikaweka kwenye flashi nikaenda kwa kijana anayenichapia karibu na Mwembe Tayari, nikamwachia na manila zangu, nikaenda sokoni.

Niliporudi, karatasi zote zilikuwa zimetoka, na kila ua lilikuwa limekaa ndani ya mraba.

Si mraba wa mstari. Mraba wa ukungu. Penye korosho nyekundu, karatasi iliyoizunguka ilikuwa na upinki hafifu, kama shuka nyeupe iliyofuliwa pamoja na nyekundu. Penye vidoti vyeusi, ukungu ulikuwa wa kijivu. Na pale katikati nilipoyapandanisha maua makusudi ili mji ujae, miraba ilipandana pia, kwa hiyo ukungu ulikuwa umekolea zaidi, ngazi kwa ngazi. Kisutu ni weupe wake. Ukiutia uchafu ule weupe umebaki na nini?

Nikamgeukia kijana wa watu kwa ukali, nikamwambia mashine yake inavuja. Hakubishana. Akachukua karatasi, akaisogeza mwangani, akaniita. "Mamangu, hebu njoo uone. Ingekuwa mashine, uchafu ungekaa popote. Huu umekaa kimraba, na kila mraba una ua lake katikati. Hii imo kwenye faili." Sijui kwa nini watu wanaofundisha mambo haya mtandaoni hawasemi maneno mepesi hivyo.

Nikamwandikia muuzaji. Kwa adabu, maana nilijua kosa la namna hii laweza kumpata yeyote, na mtu aliyechora korosho ile nilikuwa namheshimu. Nikamsalimu, nikamsifu kazi, nikamtumia picha ya karatasi, nikamuuliza kama ana toleo lililosafishwa. Jibu likaja haraka: "Madam, brashi ziko sawa. Angalia printa yako." Hapakuwa na salamu wala neno kuhusu ile picha. Nikaeleza tena, nikamrudishia hoja ya kijana kuhusu miraba. Akajibu, na haya ninayanukuu yalivyo maana nimeyasoma hadi nimeyahifadhi: "Wateja wangu wa Nairobi wanaprinti vizuri tu. Nyinyi wa huko labda ni hilo joto linaharibu wino."

Joto.

Ndugu zangu. Joto la Mombasa lina makosa yake, siligombei. Linaharibu samaki, linaharibu hina ya mtu asiyetulia, linakausha gundi kabla hujakunja. Lakini joto gani hilo linalojua kuchora miraba? Joto gani linalofika kwenye ua, likapima pembe nne, likamwaga pinki ndani, likaiacha karatasi iliyobaki salama? Nenda Biashara Street kaulize kanga za Mali ya Abdulla zimekaa kwenye joto hili tangu lini, na nyekundu yake imekimbilia wapi. Na mashine ile ya kijana ni ya leza. Haina wino wa maji hata kidogo, inatumia unga unaoyeyushwa na joto la mashine yenyewe ili ushike kwenye karatasi. Mtu anauza vitu vya kuchapwa na hajui hilo?

Nilimwambia kuhusu unga. Akabadilisha mshtakiwa. Sasa ikawa ni GIMP: programu za bure ndizo zinazoharibu, ninunue Photoshop. Sawa. Mtoto wa kaka yangu anafanya kazi ofisini wanakolipia Photoshop, kila mwezi, maana siku hizi Adobe, wenye Photoshop, hawakuuzii ukaondoka nayo. Nikaenda Nyali kwa hilo tu. Tukafungua faili ile ile, tukagonga brashi kwa nyeusi kwenye karatasi nyeupe, hatukuona kitu. Tukaweka Threshold juu, kile kipimo kinachogeuza picha nzima kuwa nyeusi na nyeupe tupu, tukaisukuma mpaka ukingoni upande wa nyeupe, pale ambapo kila kisicho cheupe kabisa kinageuka cheusi. Mraba ukatoka. Mweusi ti, pembe nne, na korosho imepotelea ndani. Kijana akacheka mpaka akakaa. Nikapiga picha nikaituma.

Tiki mbili za buluu. Mpaka leo.

Sasa nieleze kilichotokea, kwa sababu kitawapata na wengine, na si kwa brashi hizi tu. Brashi ya namna hii ni picha ya nyeusi, nyeupe na kijivu. Penye nyeusi programu inapaka rangi yako kamili, penye nyeupe haipaki kitu, penye kijivu inapaka kwa kiasi cha kijivu hicho. Mchoraji akichora kwa mkono na kuskani, karatasi yake haitoki nyeupe kabisa. Inabaki na kijivu kidogo, asilimia tatu au nne tu, jicho halioni. Asipoisafisha kabla ya kuifanya brashi, kijivu hicho nacho kinakuwa sehemu ya brashi, na kinachukua rangi yoyote unayochagua. Skrini inakificha. Mashine ya leza haina rangi hafifu, ina vidoti tu, kwa hiyo asilimia nne inageuka vumbi la vidoti kwenye manila yako nyeupe. Ukigonga juu ya ulipogonga, vumbi linajumlika.

Dawa yake si ngumu, na hapo ndipo ninapochemka zaidi. Fungua karatasi mpya nyeupe, gonga brashi mara moja kwa nyeusi, ingia menyu ya rangi uchague Levels, panaporekebishwa weusi na weupe wa picha, shika kile kipembe cheupe cha upande wa kulia ukilete kushoto kidogo kidogo. Ukungu utakwisha. Simama kabla nyuzi nyembamba za ua hazijaanza kukatika, maana nazo ni kijivu. Kisha igeuze picha iwe ya kijivu, ibane leya zote ziwe moja, uihifadhi kama brashi ya GIMP kwenye folda ya brashi. Kwenye Photoshop unaichagua unaibonyezea Define Brush Preset, basi. Brashi moja ni dakika chache kwa aliyezoea. Seti nzima ni usiku, na usiku ule nilikuwa na visanduku vya kukunja. Kazi hiyo ilikuwa yake. Alilipwa, tena kabla, kwa M-Pesa, na ujumbe wa kuthibitisha haukusema lolote kuhusu joto.

Visanduku vilifika, alhamdulillahi. Nilinunua manila nyingine kwa pesa yangu, kijana akanipunguzia bei ya kuchapa ingawa hakuwa na kosa, binti zangu wakakunja hadi adhana ya alfajiri. Mji ukang'aa. Nikamwona mama mmoja wa Mji wa Kale, mtu mzima anayejua vitu, anakigeuza kisanduku mkononi anatafuta kiungo cha pindo asikione. Hakuondoka kabla hajaniagizia vya kwake. Kwa hiyo kama unaniuliza iwapo brashi hizi zimenilipa, zimenilipa. Nimezitumia tena na nitazitumia Idi, na sijaona mwingine anayechora korosho hivi. Nimeanza hata kufikiri labda nilikuwa mkali kupita kiasi, labda ni mchoraji mzuri asiyejua kuongea na watu, wako wengi.

Halafu shoga yangu wa Likoni akanipigia. Naye alizinunua kwake, kwa kadi za maulidi za madrasa ya watoto, na naye kapata miraba. Alimwandikia, akaambiwa aangalie printa yake. Akaniomba nimpe zangu nilizozisafisha. Nikaenda kusoma leseni niliyolipia, ile ya biashara, ya bei kubwa. Naruhusiwa kuuza visanduku nilivyochapa. Siruhusiwi kumgawia mtu faili za brashi, hata nilizozibadilisha mimi. Sharti lenyewe ni la kawaida na ni la haki, mchoraji ale jasho lake. Lakini maana yake ni kwamba brashi safi za kisutu nizijuazo zimo kwenye kompyuta yangu, aliyeziuza anasema hazihitaji kusafishwa, na mwanamke aliyezilipia kwa pesa ile ile niliyolipa mimi imebidi nimwelekeze Levels kwa simu, yuko ndani ya feri na honi inapiga.

Kwa hiyo, kununua au kutonunua? Kama hujui Levels na hutaki kujua, usinunue. Kama unajua, nunua, zisafishe siku hiyo hiyo, na usimwandikie kitu mwenyewe. La, mwandikie. Mwombe picha ya Threshold kabla hujalipa, umuulize weupe wake ni weupe kweli, uone atalaumu nini. Wa Kisumu ataambiwa ni ziwa.

Nyota nilikuwa nimetia mbili. Nikatazama kile kisanduku kimoja nilichobaki nacho, nikaongeza ya tatu, kwa ajili ya pindo tu. Kisha nikafungua simu kutafuta maneno yake niyanukuu vizuri hapa, nikayasoma upya, na ile ya tatu nimeitoa.