Mke Aliyenibebea Mizigo: Uzoefu Wangu na Ndoa za Skyrim

Nilingoja siku kadhaa ili hasira ipoe kabla ya kuandika, lakini haikupoa, kwa hiyo mtanivumilia.

Skyrim ni mchezo wa video wa tangu 2011, na binamu yangu hapa Isevya hachoki kuusifia uhuru wake: mhusika mkuu hana jina, hana sauti, hana hata tabia, mpaka wewe mwenyewe umpe. Nilimpa jina la babu mzaa baba, na ninadhani kosa langu lilianzia hapo.

Nilipoua joka nje ya mji wa Whiterun, mtawala wa mji alinipa cheo, na pamoja na cheo akanipa mwanamke aitwaye Lydia, kama vile mtu anavyopewa upanga. Lydia ameapa kunibebea mizigo. Kila nilipomtwika ngao na mifupa ya joka alijibu kwa sauti yenye kinyongo kidogo, na katika mji huu wa Tabora, ambako wapagazi wa Kinyamwezi walitwikwa pembe za ndovu hadi pwani, kinyongo cha namna hiyo hakihitaji kutafsiriwa. Nilimpenda kwa sababu ya kinyongo hicho.

Kisha nikaenda mji wa Riften, nikanunua kidani cha Mara, mungu wa kike wa mapenzi katika mchezo huu, kwa kasisi Maramal kwa vipande 200 vya dhahabu, nikakivaa, ishara ya kwamba natafuta mchumba. Basi! Lydia alikiona tu, akawa tayari kuolewa. Shangazi, aliyekuwa akichambua karanga kando yangu, aliuliza mshenga ni nani na mahari imepokelewa na nani, nami sikuwa na la kumjibu. Miongoni mwa maneno niliyowekewa kuchagua, nilitafuta swali moja tu, kama angeweza kukataa, na halikuwamo. Baada ya harusi alinipikia chakula kila siku na kunikabidhi vipande 100 vya faida ya duka alilofungua, akiniita mpenzi wake kwa sauti ileile iliyokuwa ikinung'unikia mifupa. Huo ni uhuru wa nani?

Nilikusudia kumalizia kwa kuwaambia msiuguse mchezo huu. Hata hivyo, nikiwa mkweli, mhusika mwenye tabia yake aliyoandikiwa angenipa mtu wa kumlaumu, ningemwita mwonevu na kulala usingizi wangu, ilhali huyu mtupu ana jina la babu yangu, na aibu iliyonipata mbele ya shangazi haikuandikwa na mtunzi yeyote. Sijui kama hilo ni sifa au ni lawama. Leo nasema ni sifa, juzi ningetukana.

Usiku wa jana nilirudi, nikamtua Lydia mzigo wote na kujitwika mwenyewe. Nilielemewa hata nikashindwa kukimbia, nikatembea hivyo hivyo, hatua kwa hatua, kutoka Whiterun hadi Riften, naye akinifuata nyuma mikono mitupu.