Bucha ya nyama ya kumarineti hapa Donholm: kuku beba, mishkaki uliza kwanza

Bucha yenyewe jina sitaweka juu ni majirani na sitaki maneno, lakini kama unashukia steji ya hapa Donholm, Nairobi, unaijua tu, ni ile iko na friji ya kioo, na ndani kuna ndoo za nyama nyekundu na zingine za kijani. Wanauza nyama ikiwa ishalazwa na viungo, wewe ni kuwasha jiko tu. Sasa mtu kama mimi natoka job jioni, Jogoo Road imefungana, nafika kwa nyumba saa mbili na watoto washaanza kusinzia kwa meza, hiyo ndoo ya kijani naiona kama msaada kutoka mbinguni. Nimenunua hapo mara kadhaa kwa hivyo si kuskia kwa watu.

Nianze na kuku juu ndiye amenirudisha. Broila mzima 750, asiye na viungo ni 600, hiyo 150 nikaona ni sawa nikipiga hesabu ya dhania, tangawizi, saumu, ndimu na maziwa mala, plus kazi ya kutwanga. Wanampasua mgongoni anafunguka kama kitabu, halafu wanamchanja mapajani na kifuani mpaka karibu na mfupa. Hiyo kuchanja ndiyo siri bana. Watu hufikiria ukilaza kuku na viungo usiku kucha saumu inaingia mpaka ndani, wapi, dhania na saumu zinabaki hapo juu juu tu, kitu inatembea mpaka ndani ni chumvi. Kwa hivyo kuku asipochanjwa na chumvi ikose muda, utakula ngozi tamu na kifua kama pamba. Huyu wao nilimng'ata karibu na mfupa nikapata chumvi imefika na nyama bado iko na maji yake. Na hiyo mala inasaidia, ni asidi ya upole, hailainishi kwa vurugu kama vinega, na kwa makaa inampa rangi ya dhahabu hivi. Tukala na ugali na kachumbari, hakuna aliyeongea kwa meza, hata yule wangu wa mwisho ambaye huchagua chagua.

Sasa nikajiamini. Mama mkwe akapanga kuja Jumapili kutoka Machakos nikasema hapa ndipo nitaonyesha mambo, nikanunua mishkaki ya ng'ombe kilo moja Jumamosi jioni, 850, nikaweka kwa friji mpaka kesho yake mchana. Aki hiyo siku. Nyama ilikuwa inateleza kutoka kwa kijiti hata kabla ifike kwa moto, nikiichoma tena kijiti inapasuka, na ukiitia mdomoni nje iko sawa imeiva, ndani ni kama maini yamepondwa. Hakuna kutafuna, unameza tu. Mama mkwe alikula vipande viwili polepole, akapanguza mkono akasema, "Nyama ya Nairobi siku hizi ni laini sana, mama." Mimi nikajifanya naenda kuangalia chai.

Jirani yangu ni mtu wa Mombasa, jioni nikamwonjesha ile imebaki, hata hakumaliza kutafuna akacheka. "Hii imetiwa papai bichi, tena imelala nalo. Kwetu papai bichi unaparuza kijiko kimoja tu, saa moja ama mbili basi, mkaa uwe ushashika." Ndio nikaelewa. Ule utomvu wa papai bichi uko na kimeng'enya kinaitwa papaini, kazi yake ni kukata kata protini, na hakijui kuacha, kikimaliza ugumu kinaendelea tu kula nyama yenyewe mpaka igeuke uji. Friji inakipunguza mwendo lakini haikizimi, kinachokiua ni moto. Nanasi lisilopikwa pia liko hivyo hivyo, la mkebe halina shida kwa sababu lishapikwa. Na ndimu nyingi nayo ina vituko vyake, inaifanya nyama iwe nyeupe kwa nje kama imechemshwa na ukiila iko kama chaki, samaki ndio kabisa, nusu saa tu inamtosha.

Jumatatu nikarudi, si kwa ubaya, nikamuuliza kijana wa pale hiyo mishkaki ilikuwa ya lini. Akaniangalia akaona sina vita. "Madam nisikudanganye, hiyo tulichanganya Ijumaa asubuhi, lakini Ijumaa kukanyesha wateja wakakosa kuja." Ijumaa asubuhi mpaka Jumapili mchana! Na papai! Akaniongezea robo ya matumbo ya kuniomba msamaha, na nilibeba, mimi si mjinga.

Kuna ingine imeniuma zaidi hata ya papai, mizani. Wanapima nyama na mchuzi wake wote. Mara ya tatu nilinunua kilo moja ya mishkaki ile nyekundu (imechanganywa siku hiyo, niliuliza), nikafika nyumbani nikachuja nikaweka kwa mizani yangu ya keki, nyama ni gramu 810. Hizo 190 nililipia maji ya nyanya. Siku hizi namwambia apime nyama kavu halafu achanganye nikiona, kwanza alinuna sasa amezoea.

Na ubebe mkebe wako wa plastiki, tafadhali. Tangu mifuko ya plastiki ikatazwe 2017 bucha inakufungia na karatasi ya kaki, nyama kavu sawa, lakini hii ya mchuzi nilikuwa nikiipelekea dada yangu, nikaipakata kwa matatu, kufika nashuka sketi imekuwa kama nimetoka kuchinja. Konda akaniuliza kama niko salama. Hata ukifika kwa nyumba usiimwage kwa sufuria ya alumini ilale hapo, ndimu na alumini haziskizani, nyama inachukua ladha ya chuma, acha kwa mkebe ama bakuli ya glasi.

Hiyo nyekundu yenyewe ladha ni poa, lakini iko na sukari ama ni tomato sosi, kwa makaa ya moto mkali inaungua nje kama ndani bado inalia damu. Sogeza makaa upande mmoja, iive polepole, halafu dakika za mwisho ndio uisukume kwa moto. Na ule mchuzi umebaki kwa mkebe usiupake kwa nyama ikiwa imeiva, ulikuwa na nyama mbichi huo, uchemshe kwanza utokote vizuri.

Mzee wangu bado hajashawishika, yeye anasema choma ni mbuzi, chumvi na moto, hizi zingine ni za watu wa kuficha nyama mbaya, na kila mwisho wa mwezi lazima aende Kenyatta Market kula yake bila hata dhania. Kwa mbuzi namkubalia. Lakini kuku wa kijani akiletwa huwa haulizi ni nini kiliwekwa.

Juzi nimepita nikaona wameanza kubandika karatasi ya siku kwa ndoo, kuku "JUMATANO" imeandikwa na maka pen. Ya mishkaki bado haina.